Mbwa Harusini: Mgeni, Mali au Pambo?

Mchezea mbwa huingia naye msikitini. Ndivyo walivyonena wahenga, nao walikuwa wakituonya juu ya mazoea yanayopita mpaka. Aliyezoeana na mbwa kupita kiasi, walisema, atafuatwa naye hadi mahali ambapo mbwa hastahili kukanyaga, na aibu itakayozuka haitakuwa ya mbwa bali ya mwenyewe. Methali hii wanafunzi wetu huikariri kila mwaka, wakaeleza maana yake ya nje na ya ndani, kisha mtihani ukiisha nayo ikasahauliwa. Leo nataka tuitazame upya, maana wamezuka miongoni mwetu watu wasioogopa kufuatwa na mbwa. Hao ndio wanaomwalika, na mahali wanapomwalika ni harusini.

Msomaji asidhani natania. Miongoni mwa vijana wetu wanaofunga ndoa siku hizi, hususan mijini, wamo wanaotaka mbwa au paka waliyemlea awepo siku hiyo kama wanavyotaka ndugu zao wawepo. Wapo wanaotaka avishwe tai shingoni. Wapo wanaotaka abebe pete. Wapo wanaotaka angalau asimame nao katika picha. Wazee wakisikia hayo, baadhi yao hucheka hadi machozi yakawatoka, na wengine hukasirika wakasema kwamba dunia imekwisha. Mimi sicheki wala sikasiriki. Naona kwamba jambo hili, dogo kama linavyoonekana, linatuuliza swali ambalo hatujalijibu: mnyama tunayeishi naye ni nani kwetu?

Tuanze na ughaibuni, kwa kuwa huko ndiko desturi hii ilikostawi. Nchini Uingereza na Marekani si ajabu tena kumwona mbwa akitembea katikati ya viti kanisani au bustanini, pete zimefungwa kwenye ukosi wake, wageni wakimpigia makofi. Waingereza wengine wamepiga hatua zaidi: hukodi bundi aliyefunzwa, naye huruka kutoka nyuma ya ukumbi akatua kwenye mkono wa msimamizi wa bwana harusi akiwa na pete mguuni. Hebu fikiria, msomaji, nyanya yako wa kijijini akiambiwa kwamba pete ya mjukuu wake italetwa na bundi! Kwetu ndege huyo akilia juu ya paa, watu hujiuliza ni nani atakayekufa, seuze aingie harusini akiwa mgeni wa heshima.

Katika jimbo la Colorado kule Marekani, sheria huwaruhusu wachumba kujifungisha ndoa wenyewe, pasipo kasisi, pasipo hakimu na pasipo shahidi. Kwa sababu hiyo, wapo waliopaka unyayo wa mbwa wao wino na kuupiga chapa kwenye cheti cha ndoa. Hapa Kenya jambo hilo haliwezekani, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inataka mashahidi wawili, na hakuna msajili atakayekubali kwamba mmoja wao awe na mkia.

Lakini kisa cha ughaibuni kinachonivutia kuliko vyote ni cha mwaka 1947. Tarehe 20 Novemba mwaka huo, binti wa mfalme wa Uingereza, Elizabeth, aliolewa katika kanisa la Westminster Abbey mjini London. Huyu ndiye Elizabeth ambaye mwezi wa Februari 1952 alipokea ufalme akiwa humu humu nchini, katika hoteli ya Treetops kule Nyeri. Alikuwa na mbwa wake wa miguu mifupi, wa aina ya corgi, jina lake Susan, ambaye alizawadiwa mwaka 1944 alipotimiza umri wa miaka 18. Susan hakuingia kanisani. Hakuvishwa utepe wala hakubeba pete mbele ya wafalme na malkia waliokusanyika pale. Lakini sherehe ilipokwisha, na maarusi walipopanda gari la farasi kuelekea stesheni ili waende fungate yao, Susan alikuwamo garini, amefichwa chini ya mablanketi. Namwomba msomaji akiweke akilini kisa hiki, maana nitakirejelea.

Sasa, kabla hatujawacheka Wazungu na bundi wao, hebu tujitazame sisi wenyewe. Ni lini harusi ya Mwafrika ilifanyika pasipo mnyama? Miongoni mwa Wakikuyu, safari ya mahari huanza na mwati na harika, yaani kondoo jike na mbuzi jike ambao hawajazaa. Katika ngurario, mbuzi wakichinjwa na bibi harusi akikatiwa nyama ya bega, ndipo watu huiona ndoa kuwa imekamilika. Kule kaskazini, kwa Warendile na Wagabra, ngamia ndio hubeba nyumba yenyewe, miti yake na mikeka yake, familia inapohama kutoka kituo kimoja hadi kingine. Mitaa ya Lamu ni myembamba mno kupitisha gari, kwa hiyo mchele na kuni za karamu huja mgongoni mwa punda. Nao ndugu zetu wenye asili ya Kihindi wana desturi ya bwana harusi kuja akiwa amepanda farasi jike aliyepambwa, ngoma zikitangulia.

Kwa hiyo mnyama si mgeni katika harusi zetu. Alikuwapo tangu zamani, ila alikuja kwa sura tatu: mali, kitoweo na chombo cha kubebea mizigo. Jipya ni kwamba sasa anaalikwa kama rafiki.

Hata hivyo, tusijidanganye kwamba wazee wetu hawakujua kumpenda mnyama mmoja mmoja. Miongoni mwa Waturkana na jamii nyingine za wafugaji wa eneo hilo, mwanamume huwa na maksai wake mmoja anayempenda kuliko wengine wote. Humvisha kengele shingoni, humwimbia nyimbo alizomtungia mwenyewe akisifu rangi yake na pembe zake, na yeye mwenyewe huitwa kwa jina litokanalo na maksai huyo. Mtu anayeitwa kwa jina la ng'ombe wake hawezi kusemwa kwamba anamwona ng'ombe kama gunia la mahindi. Na mfugaji yule yule, siku ya kuoa, huwatoa mifugo anaowajua mmoja mmoja kwa rangi na kwa nasaba yao, akawakabidhi wakwe zake. Thamani ya mahari hayo haikuwa katika hesabu peke yake. Ilikuwa katika kutoa kitu ambacho kukitoa kunauma.

Lugha yetu ya Kiswahili nayo ina neno la kutuambia hapa, na walimu wenzangu wataniunga mkono. Kiswahili hakikuwa na neno moja la jadi la kumtenga mnyama wa kupendwa na mnyama wa faida. Tuna neno mfugo, litokanalo na kitenzi kufuga, nalo ni la ng'ombe, la kuku, la paka na la mbwa pia. Kufuga ni kukiweka kitu karibu nawe na kukiacha kikue chini ya uangalizi wako, ndiyo maana twasema pia kufuga ndevu na kufuga kucha. Lakini tukija kwenye upatanisho wa kisarufi, lugha humweka mnyama pamoja na binadamu. Twasema mgeni amefika, na mbwa amefika. Hatusemi mbwa imefika, na mwanafunzi aandikaye hivyo hukutana na wino mwekundu wa mwalimu. Kiti kimefika, mkeka umefika, keki imefika, lakini mbwa amefika. Sarufi imempa nafasi upande wa wageni, si upande wa vyombo. Kazi iliyobaki ni yetu sisi, kuamua kama tutamtendea kama mgeni au kama chombo.

Nami sikulipata swali hili vitabuni. Niliketi katika kamati ya harusi iliyolijadili kwa saa mbili nzima. Bibi harusi alikuwa binti wa mwalimu mwenzangu aliyekwisha kufariki, naye pia ni mwalimu, nami niliombwa niwe mwenyekiti wa kamati kwa kuwa nilimfundisha. Tulikuwa tumemaliza mambo ya mahema, magari na michango, mweka hazina amekwisha kusoma hesabu yake, ndipo binti akainua mkono akasema ana jambo moja dogo. Alitaka mbwa wao, Simba, awepo siku ya harusi.

Kimya kilitanda. Kisha ami yake, mzee aliyezoea kusikilizwa, akauliza, "Tangu lini mlinzi wa lango akakaa meza kuu?" Watu wakaangua kicheko. Shangazi yake akasema kwamba yeye aliwahi kuumwa na mbwa utotoni, na kwamba Simba akiwapo yeye hatakuwapo. Mtu mwingine akatukumbusha kwamba dada wa bwana harusi ameolewa na Mwislamu wa Mombasa, na wakwe zake wangekuja. Mchungaji, ambaye kwa kawaida ni mtu mpole, alisema hivi: "Kanisa ni la watu waliokuja kuomba. Mbwa haombi, na watakaokuwa wakimtazama mbwa hawataomba."

Nilimwuliza binti, "Mwanangu, kwa nini unalitaka jambo hili?" Nilitarajia aseme kwamba ameliona kwenye picha za watu wengine. Alijibu, "Mwalimu, wewe unajua tulikuwa tukifika shuleni saa kumi na mbili na nusu. Kutoka nyumbani hadi barabarani ni mwendo wa nusu saa, na wakati huo bado ni giza. Baba alikuwa amekwisha kufariki, na Mama hakuweza kuniacha mdogo wangu peke yake nyumbani anisindikize. Simba ndiye aliyenisindikiza. Miaka minne. Akifika barabarani anakaa, nikipanda gari anarudi. Jioni namkuta pale pale. Watu wote walionisaidia kusoma mmewaalika. Huyu ndiye pekee mliyemsahau."

Hapana aliyecheka tena. Lakini pia hapana aliyebadili msimamo wake, na hapo ndipo nilipoona kwamba kila upande ulikuwa na haki yake. Haki hizo inafaa tuzipime moja moja.

Ya kwanza ni haki ya wageni. Harusi, kwa desturi zetu, si ya watu wawili. Ni ya koo mbili na majirani zao. Anayealika watu amejifunga kuwastahi. Kwa Mwislamu wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea pwani yetu, mate ya mbwa na unyevu wake ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Mtu aliyetawadha, akiwa amevaa kanzu yake ya kuswalia, hana namna ya kumpapasa mbwa kichwani akatabasamu ili tu awapendeze wenyeji. Wala haifai kusema kwamba Uislamu unachukia mbwa. Msomaji wa Kurani anajua kwamba Watu wa Pangoni walikuwa na mbwa wao kizingitini, na mafundisho ya Mtume yanamtaja mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Paka naye, kwa mafundisho hayo hayo, si najisi. Suala ni usafi wa ibada, si chuki, na mwenyeji mwenye adabu hulijua hilo kabla hajaambiwa.

Kisha kuna hofu. Nchini mwetu hofu ya mbwa si upuuzi wa watu wasiostaarabika. Kichaa cha mbwa kimekuwapo humu tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na duniani kote karibu visa vyote vya ugonjwa huo kwa binadamu, asilimia 99, hutokana na mbwa. Dalili zikishaanza kwa mtu aliyeumwa, dawa haipo. Huwa ni kungojea kifo. Ndiyo maana mwaka 2014 serikali ilizindua mpango wa kuutokomeza ugonjwa huu ifikapo mwaka 2030, na nguzo ya mpango huo ni kuwachanja mbwa wengi iwezekanavyo kila mwaka. Basi yeyote anayetaka kumleta mbwa mahali penye watoto mia wanaokimbia huku na huko na asiwe na cheti cha chanjo mkononi, huyo hana mapenzi na mbwa wala na watoto.

Haki ya pili, ambayo husahauliwa na wapinzani na watetezi kwa pamoja, ni ya mnyama mwenyewe. Tunauliza kama sisi tunamtaka harusini. Ni nani aliyeuliza kama yeye anaitaka harusi? Sikio la binadamu husikia sauti yenye mitetemo isiyozidi 20,000 hivi kwa sekunde. La mbwa hufikia 45,000 hivi. Mchukue mwenye sikio hilo, umweke karibu na vipaza sauti vilivyorundikwa kama vile harusi ni mkutano wa siasa, uongeze vigelegele, honi za magari na tarumbeta, kisha ushangae kwa nini ameng'ata mtu. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi, isipokuwa kidogo kwenye nyayo. Hupoza mwili kwa kuhema. Ukimvisha koti la suti chini ya jua la saa saba, unamtesa, hata kama wapigapicha wanasema amependeza.

Wala chakula cha harusi si salama kwake. Keki zetu nyingi hutiwa zabibu kavu, na zabibu humharibu mbwa figo. Chokoleti ni sumu kwake. Vitunguu humharibu damu. Mifupa iliyopikwa, ile ya kuku hasa, huvunjika ncha kali zikamchoma tumbo. Kwa paka, hatari imo ndani ya shada la bibi harusi: yungiyungi zile nyeupe ambazo wauza maua huzipenda zaweza kumwua paka kwa kuharibu figo zake, hata akilamba vumbi lake tu. Je, katika wageni mia tatu, ni nani atakayemzuia mtoto asimtupie Simba kipande cha keki?

Mbwa akiogopa husema, ila hasemi kwa maneno. Hupiga miayo ilhali hana usingizi. Hulamba midomo ilhali hapana chakula. Huuficha mkia katikati ya miguu na kuyageuza macho hadi weupe ukaonekana. Watu wakiona hivyo husema, "Tazameni, ameona haya!" Kumbe anaomba atolewe pale. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, haikatazi kumpiga mnyama tu. Inakataza pia kumghadhabisha na kumtia hofu. Ni wangapi kati yetu wanaokumbuka hivyo sherehe ikipamba moto?

Na wapo wanyama ambao mapenzi hayamo kabisa katika mwaliko wao. Nawazungumzia njiwa weupe wanaofunguliwa kutoka vikapuni ili waruke juu ya maarusi. Njiwa aliyefunzwa kurudi kwake hurudi. Lakini wengi wanaouzwa kwa ajili hiyo ni ndege wa kufugwa vizimbani, wasiojua kutafuta chakula wala kumkwepa mwewe. Tunapopiga makofi wakipaa, tunawaaga kwenda kufa. Huo si ukarimu kwa mgeni. Ni kumtumia kiumbe kama fataki.

Hapa ndipo ninapomrejelea Susan. Hakuna aliyempenda Susan kuliko bibi harusi yule, wala hakuna aliyekuwa na uwezo zaidi wa kuamuru aingizwe kanisani. Hata hivyo aliachwa nje ya kelele na macho ya watu, akapewa kilicho na maana kwake, yaani safari pamoja na mwenyewe. Naona katika tendo hilo kipimo kizuri: mpe mnyama sehemu ya siku ambayo yeye anaielewa. Mbwa haelewi kiapo, pete wala hotuba ya mgeni wa heshima. Anaelewa njia, harufu, sauti anayoijua na mkono uliozoea kumlisha.

Kamati yetu, baada ya mabishano mengi, ilifikia uamuzi wa namna hiyo. Simba hangekwenda kanisani wala kwenye karamu. Asubuhi ya harusi, kabla ya magari ya bwana harusi kufika na kelele kuanza, binti alitoka mlangoni akiwa amekwisha kuvaa gauni lake jeupe, viatu vya mvua miguuni, akatembea na Simba hadi barabarani kwa njia ile ile ya shuleni. Mbwa alikuwa amezeeka, jicho moja limeingia ukungu, na mwendo wa nusu saa uliwachukua karibu saa nzima. Tulikuwa watu watatu tu tuliowafuata kwa mbali. Walipofika, Simba alikaa pale alipozoea kukaa. Binti alichutama, akamshika masikio, akamwambia maneno tusiyoyasikia. Gauni liliingia matope pindoni, na shangazi alilipangusa baadaye akinung'unika, ingawa nilimwona akipangusa macho pia. Mdogo wa bibi harusi akamshika Simba ukosi, akarudi naye nyumbani, magari yakaja, na harusi ikafanyika kama harusi nyinginezo. Wakwe wa Mombasa walikula wakashiba, wala hawakujua kwamba palikuwa na mjadala.

Lau kisa kingeishia hapo, ningesema tulishinda. Lakini jioni ile mdogo wake alikuja kuniambia kwamba Simba ametoroka. Tulimkuta barabarani, amekaa, anatazama upande gari la shule lilikokuwa likitokea. Alikuwa amemsindikiza mtu wake asubuhi, na kwa maarifa yake yote, anayesindikizwa asubuhi hurudi jioni. Tulimbeba kumrudisha nyumbani. Siku ya pili alikwenda tena, na ya tatu pia.

Basi hiyo ndiyo haki ya tatu, nayo naiona kubwa kuliko zote: haki ya kesho yake. Tumebishana juu ya siku moja, tukaisahau miaka. Ndoa humhamisha mtu, na anayehama huacha nyuma kila aliyemzoea. Mama huelezwa. Ndugu huelezwa. Mnyama hawezi kuelezwa. Mijini wenye nyumba za kupanga wengi hawataki mbwa wala paka, na mume au mke mpya huenda hampendi mnyama, au hewa yenye manyoya humbana kifua. Maswali haya hayaulizwi wakati wa uchumba, kwa kuwa yanaonekana madogo mbele ya mahari na ukumbi. Matokeo yake huonekana baadaye: mbwa waliofungwa minyororo nyuma ya nyumba wakilishwa wakikumbukwa, na paka waliotupwa sokoni usiku ndani ya gunia. Wengine kati yao walipigwa picha harusini wakiwa na utepe shingoni.

Bibi harusi wetu alipoelezwa habari za barabarani, hakulia tu. Alikaa na mumewe wakapanga. Nyumba waliyopanga mjini haikuruhusu mbwa, na mbwa mzee hahamishiki kwa urahisi. Wakakubaliana kwamba mdogo wake ndiye atakayemlisha na kutembea naye kila jioni hadi barabarani na kurudi, na kwamba chakula chake na daktari wa mifugo ni juu yao. Naye binti hushuka pale barabarani kila Jumamosi ya pili. Mpango huo haukuandikwa katika ratiba ya harusi, wala hakuna picha yake. Lakini kwa maoni yangu, huko ndiko Simba alikoalikwa kwa kweli.

Kwa hiyo nawaambia vijana wanaotarajia kuoa na kuolewa: sioni aibu katika kumpenda mnyama, wala sioni sababu ya kumwiga Mzungu ili tuthibitishe kwamba tunampenda. Mkitaka awe nanyi siku hiyo, mpeni saa moja ya utulivu nyumbani, mahali anapopajua. Mteueni mtu mmoja asiye na kazi nyingine ila kumwangalia. Mwarifuni kila mgeni mapema, ili mwenye hofu na mwenye dini yake wasishtukizwe. Hakikisheni amechanjwa. Akianza kupiga miayo na kuficha mkia, mwondoeni, hata kama mpigapicha hajamaliza. Na kabla ya hayo yote, kaeni chini nyinyi wawili mkubaliane atalala wapi na atalishwa na nani siku ya pili yake na mwaka wa tano. Msipokuwa na jibu la swali hilo, msimvishe utepe.

Kwa walimu wenzangu ninalo ombi dogo. Methali niliyoanza nayo ipelekeni darasani, lakini msiwaulize wanafunzi maana ya nje na ya ndani peke yake. Waulizeni: ikiwa mbwa ameingia msikitini, ni nani aliyemfunza njia, na ni nani atakayemrudisha nyumbani? Waacheni wabishane, wa mjini na wa shamba, Mwislamu na Mkristo, mwenye mbwa na aliyewahi kuumwa naye. Kisha wapeni karatasi waandike insha, na atakayeandika mbwa imeingia, msimwonee haya kwa wino mwekundu.